Mrejesho: riwaya nilizomwazima rafiki yangu

Mwezi uliopita niliwauliza namna ya kudai riwaya tatu ambazo rafiki yangu amekaa nazo tangu mwaka jana, bila kuuharibu urafiki wetu. Nilifuata ushauri wa kutomdai, bali kumwalika tuzungumzie alichosoma. Na tulipoketi mkahawani karibu na Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka 1931 katika Barabara ya Banda, alikiri kwamba hakuwa amefungua hata moja. Mbili zimerudi. Ya tatu alimwazima shemeji yake wa Kayole (hilo, kusema kweli, liliniuma), naye ameahidi kuirejesha. Sasa ninaandika jina na tarehe daftarini, na kitabu nilichokipigia mistari kwa kalamu hakitoki tena nyumbani kwangu.