Kifuniko cha faiba kilichopinda: kompyuta inasema hakifiki mm 1, mimi nimepima 11

Fundi_Masese:
Wakuu habari zenu. Natengeneza maboti ya faiba hapa Jinja. Mteja anataka kifuniko cha kivuli kilichopinda: ukingo hadi ukingo mita 1.6, urefu mita 2.4, na katikati kimeinuka sentimita 20 tu. Ngozi mbili za faiba, mm 2 kila moja, na kati yake povu la mm 40, lile la manjano la kuta za vyumba vya baridi vya samaki.

Abiria watapanda juu hata ukiandika bango, mnawajua. Nikapanga jerikeni 10 za maji, lita 20 kila moja, mstari mmoja juu ya mgongo. Kikashuka mm 11. Kwenye programu ya hesabu ya laptopu hakifiki hata mm 1! Nimegawanya meshi (vile vipande vidogo programu inavyokatia umbo) mara nne zaidi, jibu ni lile lile. Nakosea wapi?

mama_meshi:
Ssebo, kingo umezishikaje? Kwenye laptopu na kwenye karakana.

Fundi_Masese:
Laptopu nimezifunga kabisa. Karakana kimekaa tu juu ya mbao mbili.

mama_meshi:
Basi hizo ni kazi mbili tofauti. Tao hubeba mzigo kwa kusukuma kingo nje. Ukizifunga, msukumo unapokelewa. Mbao zako zinaziacha zitanuke, na tao linabaki ubao unaopinda. Kwenye laptopu ziachie ziteleze kando, kisha rudia hesabu.

Fundi_Masese:
Umeme ulirudi saa nne usiku. Sasa laptopu inatoa mm 6. Nimepima na kingo zenyewe: kila upande umetoka nje kama mm 3. Lakini hizo mm 5 nyingine ziko wapi?

Kijana wa Kireka:
Kwenye povu. Elementi za ganda za kawaida (vipande vya meshi vya kitu chembamba) huchukulia kwamba mstari unaopita kwenye unene unabaki umenyooka, tabaka zote zinainama kwa pembe moja. Kwa bati la chuma sawa. Kwako povu linalala upande kama karata zikisukumwa, ngozi hazilali nalo. Hata kile kirekebishi cha 5/6, ambacho programu hutumia kwa kulala huko, kimetokana na unene wa kitu kimoja. Weka ganda kwa ngozi, na kwa povu elementi za mango, yaani vipande vyenye unene wao kamili. Ugumu wa povu usiukisie: kata vipande viwili vya mabaki, kirefu na kifupi, vilaze juu ya nguzo mbili, bonyeza katikati. Kile kifupi ndicho kitakachokuonyesha ulaini wa povu.

Na kabla ya yote jaribu programu yako kwa paa la Scordelis-Lo, mfano wa paa lililopinda ambao jibu lake linajulikana: nusu kipenyo 25, urefu 50, unene 0.25, digrii 40 kila upande, E (ugumu wa mali) 4.32×10⁸, Poisson (kiasi inachotanuka kando ikibanwa) 0, uzito 90 kwa eneo. Ncha zilizopinda zimeshikwa zisishuke wala kwenda kando, ila kwa urefu wa paa ziko huru, kingo zilizonyooka ziko huru. Katikati ya ukingo huru ishuke 0.3024.

Fundi_Masese:
Paa limetoa 0.301, kwa hiyo programu haina kosa. Kipande kifupi kimeshuka karibu mara tatu ya hesabu yangu ya zamani, povu hili laini kuliko nilivyoambiwa dukani. Kwa namba mpya nimepata mm 10.4.

Nimefunga vyuma vinne chini, ukingo kwa ukingo. Jerikeni zile zile: mm 4. Mteja analalamika atagonga kichwa.