Kitako kwenye rivolva: kuna sababu gani ya kumfunga mtu miaka 10?

MLETA MADA: Wakuu, sheria hii ni ya Marekani lakini mantiki yake imenikera. Rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) yenye mtutu wa inchi 8 ni bastola, inauzwa dukani. Ipachike kitako cha kuegemeza begani, imeshakuwa bunduki fupi, maana mtutu haufiki inchi 16. Usipoisajili serikali kuu, kifungo kinafika miaka 10. Risasi ni zilezile sita, na sasa hata kiunoni haifichiki!

Mzizi ni mwaka 1934, sheria hiyo ilipotungwa. Muswada wa awali ulibana bastola pia, na bunduki fupi ziliingizwa ili mtu asikate mtutu wa bunduki ndefu akakwepa. Bastola zikaondolewa, bunduki fupi zikaachwa mle. Wameziba dirisha, mlango uko wazi. Tangu Januari 2026 ile kodi ya dola 200 iliyotozwa kwa bunduki fupi ni sifuri, lakini usajili uko palepale. Wa nini?

MCHANGIAJI 1: Mkuu, kitako si urembo. Kinatuliza mkono, unalenga mbali. Boulder, Colorado, Machi 2021: watu 10 waliuawa kwa silaha iliyouzwa kama bastola, ikiwa na kiegemeo cha mkono nyuma. Serikali ilipotaka kuzihesabu hizo kama bunduki fupi mwaka 2023, mahakama ya serikali kuu huko Texas ikaitupa kanuni mwaka uliofuata. Bado unataka kulegeza?

MCHANGIAJI 2: Mnabishana na hamjaitazama yenyewe. Colt Army ya 1860, rivolva ya jeshi la Marekani: pembeni mwa fremu kuna vichwa vya skrubu vimetokeza. Kitako kinanasa hapo. Sasa tazama kati ya silinda na mtutu: kuna upenyo, moto wa baruti unachomokea humo. Ukiweka mkono wa kushoto mbele kama unavyoshika bunduki, unaungua. Na zile za kale za fataki, ambazo kila tundu la silinda hujazwa baruti na risasi, cheche ikirukia tundu la jirani, nalo linafyatuka. Ndiyo maana hata askari wengi hawakuzipenda bunduki za silinda, bila kusubiri Bunge.

MLETA MADA: Mchangiaji 1, ya Boulder haikuwa rivolva, ilikuwa ya magazini. Kama hofu ni wingi wa risasi, waandike wingi wa risasi.

MCHANGIAJI 1: Waliouawa kwa risasi moja moja je?