Ufa kwenye mpingo mbichi wakati wa kuchonga ujamaa: niendelee au niache ukauke?

Tezo_Kimya
Wakuu, heshima zenu. Nina gogo la mpingo bichi, urefu sm 60, kipenyo sm 22, sehemu nyeupe ya nje ina unene wa sm 2 hivi. Nachonga kinyago cha ujamaa: chini mizizi, katikati watu wanaochomoza humo wakibebana, juu matawi na ndege. Nimeanza juu, sasa kuna ufa kutoka moyo wa gogo (ile nukta mti ulipoanzia kukua) hadi ukingoni. Niliache likauke kwanza? Na ule weupe niutoe wote?

Patasi_Robo
Ukiliacha zima likauke, umelipoteza. Mti husinyaa zaidi kwa kuuzunguka kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo gogo lenye moyo ndani litapasuka tu. Nafuu ya ujamaa ni kwamba unatobolewa: moyo ukitoka, mti unapata pa kujivutia. Tena mpingo mkavu unakula makali ya tezo vibaya sana.

Leo yeyusha mishumaa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Paka vichwa vyote viwili mara 3, ushuke sm 3 ubavuni. Sehemu unayochonga juu utaikwangua ukirudi kazini. Jioni funga gogo kwa gunia lenye unyevu kidogo, juu yake turubai, kivulini. Ukiona ukungu, gunia lililowa mno.

Bibi_Msasa
Ufa usiuzibe sasa, utafunguka pembeni ya kiraka. Pima kazi kwenye mizani kila wiki; uzito ukisimama wiki 3 mfululizo, jaza unga wa mpingo huohuo na supaglu, tabaka kwa tabaka.

Ila kwa nini uzibe? Upo juu, upanue uwe nafasi kati ya matawi mawili. Inasimuliwa kuwa hata mtindo wa shetani, vinyago vya mizimu yenye maumbo ya ajabu, ulitokana miaka ya 1950 na kinyago cha mchongaji wa Kimakonde, Samaki Likankoa, kilichovunjika mkono.

Weupe wabakishie ndege, wataonekana vizuri juu ya weusi. Paka dawa ya mbao lakini, maana fukusi hupenda hapo. Kiini cheusi hawakiwezi. Na mikono ya watu usiinyooshe ubavuni: nyuzi zinakatizwa, inavunjika kwa pigo moja. Ishushe ifuate nyuzi, iegemee bega la jirani, unene usipungue sm 1.5 hadi ufike kwenye msasa.

Tezo_Kimya
Asante bibi, asante mkuu. Moyo umekaa pembeni, sm 4 kutoka katikati. Nitoboe kutoka juu tu?

Patasi_Robo
Juu na ubavuni, katikati ya miili. Kitako cha sm 6 kiache kizima kwa sasa, ndicho kinachopokea kishindo cha nyundo. Mizizi ikishaonekana, geuza kazi, fuata moyo kutoka chini kwa keekee ya mm 25. Vaa barakoa, vumbi la mpingo huwasha ngozi na kubana kifua.