Hoteli zimefika pwani ya kijiji: mwani, kisima na watoto, kanuni zianzie wapi?

Mkaazi_Kusini:
Wakuu, assalaam aleikum. Shehia yetu (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) iko pwani ya mashariki ya Unguja. Hoteli mbili zinafanya kazi, ya tatu inapimiwa eneo, na skuli ya kaiti (mchezo wa kuteleza majini kwa ubao ukivutwa na tiara) imefunguliwa mbele ya mashamba ya mwani. Kamati imepewa kazi ya kuandika kanuni za wageni, lakini kila kikao kinaishia kwenye bikini. Huku kina mama wanalalamika kamba zinakatwa, kisima cha chini kimeanza munyu, na watoto wakitoka madrasa wanawakimbilia wageni kuomba peni na pipi. Wenye kujua, nini kiandikwe kwanza, na kiandikwe vipi ili kishike?

Bi_Mwani:
Waalaykum salaam. Mavazi yawekeni mwisho wa ajenda. Anzeni na mwani. Tangu ulimaji wa biashara uanze Paje na Jambiani mwaka 1989, hiyo ndiyo fedha ambayo mwanamke wa pwani hii anaishika mwenyewe.

Kwanza mjue nani anakata nini, na saa ngapi. Shamba lenu mnalijua: vigingi viwili, kamba ya mita 4 au 5 katikati, mbegu zimefungwa kwa taitai (vikamba vidogo), zinakaa kama wiki 6. Maji yakijaa sana kaiti zinapita juu bila madhara makubwa. Hatari iko nusu ya maji, yanapofika magotini hadi kiunoni. Ubao wa kaiti una mapezi chini, na mapezi hayo ndiyo yanayokwaruza kamba na kukata taitai. Fungu likishakatika mkondo unalichukua. Na mharibifu mkubwa si yule hodari anayeruka, ni mwanafunzi: upepo unamburura hadi shambani, anashuka, kisha anarudi kwa miguu juu ya kamba za watu.

Skuli ya kaiti nayo ina sababu ya kukaa kitako nanyi, kwa sababu kigingi cha mkoko chenye ncha kinamchoma mgeni wake. Itumieni hiyo.

Siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu), maji yakiwa yametoka kabisa, tembeeni pamoja: wakulima, kamati ya uvuvi ya shehia, na mwenye skuli. Chukueni alama za kona za kila shamba kwa simu yenye GPS, mzichapishe kwenye ramani. Ndipo mkate ukanda wa kaiti. Hapa wengi hukosea, wanachora mpaka mmoja wa mwaka mzima. Pwani yetu inatazama mashariki: wakati wa upepo wa kaskazi, Disemba hadi Machi, mwenye kaiti aliyeshindwa anasukumwa kusini, upepo wa kusi ukiingia Juni, anasukumwa kaskazini. Kwa hiyo acheni nafasi tupu pande zote mbili za ukanda, au ukanda wenyewe uhame kwa msimu. Maboya nayo yana hesabu yake. Bamvua huku maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Kamba ya boya ikiwa fupi boya linazama, ikizidi mno linayumba hadi ndani ya shamba na mpaka unakuwa wa kubishaniwa.

Fidia iandikwe kwa kamba moja, si kwa "uharibifu". Bei ijumlishe kamba, taitai, mbegu, na mavuno ya wiki zilizopotea. Bila bei ya maandishi mama atapewa pole na noti moja.

Jambo la mwisho ambalo halisemwi vikaoni: mwani aina ya cottonii wenye bei nzuri unakufa maji yakipata joto, wengi wamebaki na aina ya spinosum ya bei ya chini. Mama akiona hailipi anahamia kupaka wageni hina. Haki yake kabisa. Lakini shamba likilala misimu miwili, mtaambiwa eneo halitumiki. Mashamba yaliyolala nayo yaingie kwenye ramani, yakiwa na majina.

Fundi_Visima:
Nizungumzie kisima. Maji matamu ya pwani yetu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mawe ya matumbawe, kwa kuwa ni mepesi. Kadiri yake ni hii: usawa wa maji matamu ukishuka sentimita 1, mpaka wa munyu chini unapanda takriban sentimita 40. Ndiyo maana pampu kubwa ya jirani inaharibu kisima chenu bila kukikausha. Mnachungulia, maji mnayaona yapo, lakini hayanyweki.

Utafiti wa Gössling uliochapishwa mwaka 2001, uliofanywa pwani hii hii, ulikadiria lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku, na lita 48 hivi kwa mwenyeji. Usidhani ni kuoga tu. Fungu kubwa lilikuwa likienda kumwagilia bustani. Kwa hiyo ukiomba "hoteli ipunguze maji" hujaomba kitu. Omba mambo matatu yanayopimika: mita kwenye kila kisima cha hoteli, isomwe kila mwezi mbele ya mtu wa kamati, bustani imwagiliwe maji yaliyotumika na kusafishwa, si ya kisima, na pampu isukume kidogo kidogo kutwa nzima badala ya kuvuta kwa nguvu saa chache, maana mvuto wa ghafla ndio unaopandisha munyu.

Nanyi mpime. Kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme wa maji si ghali. Pima asubuhi kabla ya watu kuteka, kila wiki, siku ile ile, andika daftarini. Maji ya bahari yanasoma kama 50,000 (maikrosimensi kwa sentimita). Kisima kikipita 1,500 na kikiendelea kupanda kila kiangazi, mna ushahidi wa kupeleka Mamlaka ya Maji. Malalamiko bila daftari yanaishia mlangoni.

Na hiyo hoteli ya tatu ndiyo nafasi yenu. Ardhi ni ya Serikali. Mwenye minazi analipwa minazi yake na mambo yanakwisha. Njia ya kwenda pwani, pahala pa kuanika dagaa, maegesho ya ngalawa, hakuna anayevilipia kwa sababu havimo kwenye hesabu ya miti. Viingizwe kwenye mkataba kabla ukuta haujasimama, njia iandikwe upana wake kwa mita na ichorwe kwenye ramani ya eneo. Baada ya ukuta mtakuwa mnaomba hisani kwa mlinzi wa getini.

Mwl_Pwani:
Watoto: peni na pipi zinatolewa jioni kwa sababu papasi (vijana wanaotembeza wageni) na madereva wanawaambia wageni wanunue dukani kabla ya matembezi. Kumkemea mtoto hakusaidii, mzibeni anayeleta. Zawadi zote zipitie kwa mwalimu mkuu, ziandikwe kwenye kitabu, na hoteli ibandike taarifa hiyo vyumbani. Skuli ipokee wageni siku moja kwa wiki, wakati wa mapumziko, wasiingie darasani. Picha ya mtoto isipigwe bila mwalimu kukubali.

Picha za kina mama shambani zisilipiwe moja moja. Mkilipia picha, wiki mbili tu mtawaona watu wamesimama na mwani usio wao. Afadhali matembezi ya bei moja, fedha ziingie kwa kikundi, na aliyewaleta wageni alipwe fungu lake na kikundi. Siku hizi mgeni anampa papasi dola 20, kikundi kinapata dola 3, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mchoyo.

Haya, bikini. Serikali ilitangaza faini mwaka 2021 kwa wageni wasiojisitiri na bado wanapita. Bango la Kiingereza tupu katikati ya kijiji halina kazi kwa Mtaliano au Mpolandi, tena ameshafika. Weka alama ya picha kwenye mlango wa hoteli unaofungukia kijijini, na ndoano za kanga za kuazima hapo hapo. Mlinzi anamvisha, mambo yamekwisha.

Mkaazi_Kusini:
Shukran sana. Je, sheha akisaini peke yake inatosha? Na tunaweza kutoza faini?

Fundi_Visima:
Haitoshi. Sheha anateuliwa na anabadilishwa. Wa kesho atasema hajui. Andikeni makubaliano nakala nne: kamati, hoteli, halmashauri, na Mkuu wa Wilaya, na muhtasari wa kikao wenye sahihi za waliohudhuria, kina mama wa mwani wakiwemo. Faini ni kazi ya sheria ndogo za halmashauri, shehia haina meno hayo. Ile fidia ya kamba si faini, ni mkataba kati ya pande mbili, hiyo mnaweza kuidai tangu siku ya kusaini.