Tupeane uzoefu: barua ya malalamiko imefika, leseni ya uuguzi unailindaje?

Mwanzisha mada, Tanga mjini
Habari za kazi wauguzi na wakunga wa Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto na Handeni. Naomba tuweke hapa yale tunayoyajua kwa hakika kuhusu malalamiko yanayogusa leseni. Visa vya wagonjwa na majina ya vituo tuviache, tutaje hatua na karatasi.

Naanza mimi. Kabla ya kujibu chochote, angalia barua imetoka kwa nani. Tukio moja linaweza kufungua milango mitatu: mwajiri anashughulika na ajira yako, Baraza la Uuguzi na Ukunga linashughulika na leseni chini ya Sheria ya mwaka 2010, polisi wanashughulika na jinai. Mwajiri hawezi kukufutia leseni, na Baraza halikufukuzi kazi. Ila karatasi husafiri. Maelezo uliyoyaandika kwa matroni asubuhi, macho yamejaa usingizi wa zamu ya usiku, yanaweza kusomwa mbele ya Baraza miezi kadhaa baadaye. Ukiandika tofauti huku na kule, umejimaliza kwa kalamu yako.

Nakala ya kila unachowasilisha ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Mkunga, Pangani
Mimi nakazia faili, maana kesi nyingi zinashindwa humo wakati mgonjwa alihudumiwa vizuri tu.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 za mshipa polepole, gramu 10 za msuli (5 kila tako), halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi ya kuendelea unatakiwa kuhakikisha pumzi hazipungui 16 kwa dakika, goti linaitikia likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Watu wanapima, lakini kwenye karatasi wanaandika "amepewa" na saini, basi. Mama akizidiwa, faili linasema hukupima. Andika namba zenyewe: pumzi 18, goti linaitikia, mkojo mililita 160 kwa saa 4. Ni mstari mmoja tu. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, nayo ni vilevile: mapigo ya mtoto kila nusu saa, si kujaziwa yote kwa mkupuo mama akishajifungua. Nukta zilizonyooka kama rula zinashtua mkaguzi yeyote.

Umekosea kuandika? Piga mstari mmoja, neno libaki linasomeka, weka saini, tarehe na saa. Umesahau? Ongeza chini ya maandishi ya mwisho: "Nyongeza, imeandikwa saa 12:40 asubuhi, tukio la saa 9:15 usiku." Hiyo inakubalika. Lakini malalamiko yakishafika, faili usiliguse tena kwa kalamu, hata kama unachotaka kuongeza ni kweli tupu. Mwandiko uliobanwa pembeni na wino tofauti hugeuza uzembe wa kuandika kuwa tuhuma ya kughushi, na kughushi ni kosa zito kuliko lile la mwanzo.

Wanaotumia mfumo wa kompyuta, nywila yako usimpe hata mwanafunzi unayemwamini. Kilichoingizwa kwa jina lako kitahesabiwa ni chako.

Mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, Korogwe
Kuhusu kujibu. Andika juu ya barua tarehe uliyoipokea, tafuta siku ya mwisho ya kujibu, na kama haitoshi omba nyongeza kwa maandishi kabla haijapita. Kukaa kimya hakusaidii, shauri linaweza kuendelea bila wewe.

Kisha omba kwa barua nakala za faili, karatasi ya dawa, ratiba ya zamu na kitabu cha makabidhiano. Usizipige picha kwa siri wala kubeba faili nyumbani, hiyo ni tuhuma mpya ya kuvunja siri ya mgonjwa. Ratiba ya zamu hudharauliwa, kumbe ndiyo inayoonyesha mlikuwa wawili kwa wagonjwa 40.

Jibu lako lifuate tuhuma moja moja: saa, ulichofanya, karatasi inayothibitisha. Usilaumu mwenzako, usidhani, usiandike "naamini". Kama hukumbuki, sema hukumbuki.

Walio sekta binafsi: muda wa kujiandaa kwa kikao cha nidhamu kwa kawaida usipungue saa 48, na una haki ya kwenda na mwakilishi. Ukiachishwa, mgogoro upeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Watumishi wa umma wamalize kwanza njia za rufaa za utumishi wa umma.

Muuguzi, Lushoto
Kifupi: hakiki simu na anwani yako kwenye kumbukumbu za Baraza leo hii. Umehama kituo mara tatu, barua inakwenda kule kwa zamani. Na kama leseni imeisha muda, hilo ni kosa jingine kabisa, hata mgonjwa awe amepona.

Sista mpya, Muheza
Shikamooni. Je, ndugu wa mgonjwa wakitaka myamalize nyumbani kwa kikao cha wazee?

Mkunga, Pangani
Marahaba mwanangu. Usiende, na usiwapigie. Pole yako ya dhati itasimuliwa kama kukiri, pesa ya kifuta machozi itaitwa hongo, na ukimbembeleza mlalamikaji utaambiwa unavuruga ushahidi. Hata akisema amesamehe, Baraza linaweza kuendelea, kwa sababu linalinda wagonjwa wote. Kama pole inahitajika, ipitie kwa mganga mfawidhi, kwa kikao chenye kumbukumbu. Na kwenye kundi la WhatsApp la wodi usiandike neno, hata la kujitetea.