Kamera, ripoti za mashine au kupekua mikoba: kipi kinalinda duka bila kuua imani ya wafanyakazi?

Msimamizi wa zamu
Wakuu, habari za kazi. Bidhaa ndogondogo za thamani zinapotea dukani, na kila tukihesabu stoo, hesabu haiendani na mfumo. Mwenye duka ameniachia nichague: tuongeze kamera juu ya kila mashine ya mauzo, tulipie ripoti zinazoonyesha kila risiti iliyofutwa na kila droo iliyofunguliwa bila mauzo, au tuanze kupekua mikoba wakati wa kutoka. Makeshia wengi hapa nimewafundisha kazi mwenyewe na sitaki waishi kama washukiwa. Lakini mali nayo inapotea kweli. Mliopitia haya, naomba ushauri.

Keshia mkongwe
Mkuu, kwanza una uhakika gani kwamba ni wafanyakazi? Stoo hupungua kwa njia nyingi. Karatasi ya mzigo inasema pisi 12, ukifungua katoni zimo 10, na aliyepokea ameshasaini. Kitu kimevunjika kikatupwa bila kuandikwa. Au mteja kaleta sabuni sita, tatu za harufu moja na tatu za nyingine, bei ileile; keshia akaskani moja mara sita ili foleni isogee. Pesa iko sawasawa, lakini kwenye mfumo harufu moja inaonekana imepungua na nyingine imezidi. Sijawataja wateja wanaoiba. Ukinifungia kamera kichwani kabla hujahesabu mzigo pale unaposhushwa, umeshanihukumu.

Mkaguzi wa hesabu
Naunga mkono. Hesabuni rafu chache kila siku, zile zinazopotea sana, msisubiri hesabu kubwa ya mwisho wa mwaka. Pengo likionekana mapema unajua ni zamu zipi na mzigo upi wa kuangalia.

Katika hizo tatu, mimi naanza na ripoti. Wizi wa kaunta huacha alama: mteja analipa taslimu, anaondoka bila risiti, keshia anafuta mauzo na pesa inabaki mkononi. Au mali "inarudishwa" na mteja ambaye hakuwepo. Hayo ripoti inayaona. Isichokiona ni keshia anayempitishia rafiki bidhaa bila kuiskani, maana kwenye mfumo hakuna kilichotokea. Hapo ni kamera tu, na hesabu ya rafu.

Tahadhari moja. Anayekaa kaunta ya kupokea mali zilizorudishwa atakuwa na marejesho mengi kuliko wote, na mgeni kazini hufuta sana kwa sababu bado anajifunza. Ukipanga majina kuanzia anayefuta zaidi ukaita watu ofisini, utamwita asiye na hatia. Linganisha kaunta ileile na zamu ileile, halafu uulize kabla ya kutuhumu.

Mshauri wa sheria za kazi
Kuhusu kamera, tofauti kubwa ni kati ya ya wazi na ya siri. Kuna kesi ya makeshia wa supamaketi moja Uhispania, López Ribalda, iliyofika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Duka lilipata hasara kwa miezi kadhaa, likaweka kamera za wazi milangoni na za siri kwenye mashine za mauzo. Tarehe 17 Oktoba 2019 mahakama iliamua kwamba faragha ya wafanyakazi haikuvunjwa, lakini angalieni sababu zake: tuhuma ilikuwa nzito na yenye msingi, kamera zililenga eneo la makeshia tu, zilikaa siku 10, na picha zilionwa na watu wachache. Mahakama ilisema pia kwamba tuhuma ndogo tu haitoshi kuweka kamera za siri.

Upande wa pili ni Lidl, kampuni ya supamaketi ya Ujerumani. Mwaka 2008 iligundulika kwamba wapelelezi waliokodiwa waliandika hadi nani kaenda chooni na mahusiano ya wafanyakazi, na kampuni ikatozwa faini ya zaidi ya euro milioni 1.4. Walitafuta wizi, wakaishia kuandika maisha ya watu.

Mikoba nayo ina gharama ya muda. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya California, Marekani, iliamua kwamba dakika ambazo wafanyakazi wa maduka ya Apple walizitumia kusubiri kukaguliwa ni muda wa kazi na zilipwe. Sheria za kila nchi ni tofauti, kwa hiyo soma zako.

Nipo kaunta
Naomba niseme kama mtu anayekaa kwenye kiti cha keshia. Siyo kamera inayoniumiza. Mahali nilipofanya kazi zamani tulikuwa wawili kwenye droo moja. Jioni ikija shoti, yaani pesa pungufu, tunakatwa wote, nusu kwa nusu. Niliomba nioneshwe picha za siku hiyo, nikaambiwa kamera ni za uongozi. Yaani ilikuwepo ya kunikamata, haikuwepo ya kunitetea. Tangu siku ile kila mmoja wetu alikuwa anamvizia mwenzake.

Na kupekua mikoba: tulipanga mstari mlangoni, mikoba wazi, pedi na dawa zetu zikionekana mbele ya walinzi, huku mameneja wakipita na mabegi yao yamefungwa. Hakuna aliyemwamini meneja tena baada ya hapo. Mkuu, ukilazimika kupekua, anza na wewe.

Mnachohitaji kwanza ni droo moja kwa mtu mmoja. Keshia ahesabu pesa ya kuanzia mwenyewe, afunge hesabu mwenyewe kabla hajaambiwa mfumo unasema ngapi, na namba yake ya siri isitumiwe na mwingine hata msimamizi akiwa na haraka.

Fundi wa mifumo
Hilo la namba ya siri ndugu zangu ni zito. Ripoti haina maana kama msimamizi anaacha kadi yake ya kuidhinisha juu ya kaunta ili wasimsumbue. Kila ufutaji utasoma jina lake.

Kwa kamera: ielekezwe kwenye mikono, droo na sehemu ya kuskani, sauti izimwe, na isifike chumba cha kubadilishia nguo wala cha mapumziko. Picha zifutwe zenyewe baada ya muda uliotangazwa.

Msimamizi wa zamu
Nawashukuru sana. Nitapendekeza tuanze na droo ya mtu mmoja, kuhesabu mzigo mlangoni na hesabu za rafu. Kisha ripoti, na kila keshia aone zake. Kamera za wazi zitafuata, baada ya kikao na wote. Mikoba naiacha. Bado nauliza: nani awe na ruhusa ya kufungua picha?

Nipo kaunta
Wawili, dada au kaka mmoja kutoka uongozini na mmoja aliyechaguliwa na makeshia wenyewe. Kila wakifungua waandike tarehe, saa na sababu, na daftari hilo likae mahali ambapo yeyote wa zamu anaweza kulisoma.