Lesotho: hii Wizara ya Ulinzi ni ya taifa au ya Waziri Mkuu aliyepo?

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoka na maelezo yanayorudiwa kila Lesotho inapotikisika, kwamba shida ni wanasiasa kutoelewana. Wanasiasa hawaelewani Malawi wala Zambia, lakini huko hatujasikia kamanda wa jeshi akiuawa kwa risasi na maofisa wake mwenyewe. Shida iko ndani ya Wizara ya Ulinzi, na sioni kwa nini tuendelee kuzungushana.

Nchi hiyo ina watu wapatao milioni mbili, imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, na jeshi lake lina askari kama 2,000 tu. Jeshi dogo kiasi hicho lilipaswa kuwa jepesi kusimamiwa na raia. Badala yake, wizara moja imebebeshwa jeshi na idara ya usalama wa taifa kwa pamoja, mara kadhaa Waziri Mkuu amekuwa ndiye huyo huyo Waziri wa Ulinzi, na kamanda anateuliwa na Mfalme kwa ushauri wa Waziri Mkuu huyo huyo. Katikati yao hakuna mwenye ubavu wa kumwambia yeyote kati yao hapana. Ndiyo maana kila serikali ya mseto inapoanguka, swali la kwanza linakuwa kamanda ni wa nani.

Tazameni yaliyotokea. Waziri Mkuu Thomas Thabane, aliyekuwa pia ameshika ulinzi, alimwondoa kamanda wa jeshi, Luteni Jenerali Tlali Kamoli, tarehe 29 Agosti 2014 na kumpandisha Brigedia Maaparankoe Mahao kushika nafasi yake. Kamoli akakataa kuondoka. Alfajiri iliyofuata askari wakavamia makao makuu ya polisi, na Waziri Mkuu akakimbilia Afrika Kusini. Baada ya uchaguzi wa Februari 2015 Waziri Mkuu wa zamani Pakalitha Mosisili akarudi madarakani na Kamoli akarudishwa kwenye kiti, huku Mahao akishushwa tena kuwa brigedia, kana kwamba cheo cha kijeshi ni koti la kuazimana. Tarehe 25 Juni mwaka huo askari waliotumwa kumkamata Mahao walimpiga risasi akafa. Jeshi likadai alikuwa akipinga kukamatwa. Tume ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, chini ya Jaji Mpaphi Phumaphi wa Botswana haikuyakubali madai hayo, ikapendekeza Kamoli aondolewe. Hata hivyo alistaafu Desemba 2016, zaidi ya mwaka mzima baada ya mauaji.

Hapo mngedhani somo limeeleweka. Septemba 2017 mrithi wake, Luteni Jenerali Khoantle Motšomotšo, aliuawa ofisini kwake na brigedia na kanali, ambao nao waliuawa. SADC ikalazimika kupeleka askari wake Maseru, mji mkuu, kulilinda taifa dhidi ya jeshi lake lenyewe, majirani wakiingia tena na bunduki kama Afrika Kusini na Botswana zilivyoingia mwaka 1998 na sehemu kubwa ya katikati ya mji ikateketea.

Mageuzi yaliyoahidiwa yaliundiwa taasisi maalumu ya kuyaandaa, muswada ukaandikwa, kisha Bunge likamaliza muda wake mwaka 2022 bila kuupitisha. Waziri Mkuu Majoro alitangaza hali ya hatari ili aliite tena Bunge, na mahakama ikabatilisha hatua hiyo. (Kutangaza hali ya hatari kwa sababu wabunge hawakumaliza kazi yao ni jambo la kushangaza hata kwa viwango vya Maseru.)

Kinachonikera zaidi ni Oktoba 2023, wakati wapinzani walipotaka kumpigia Waziri Mkuu Sam Matekane kura ya kutokuwa na imani. Wakuu wa jeshi, polisi na usalama wa taifa walijitokeza pamoja hadharani kupinga hoja iliyokuwa mali ya Bunge. Katika wizara inayofanya kazi, kamanda angeitwa siku hiyo hiyo ajieleze kwa maandishi. Lakini nani amwite, ikiwa kura hiyo ilikuwa inamlenga bosi wake?

Rais wetu mstaafu Jakaya Kikwete alitumwa huko na SADC, akiongoza Jopo lake la Wazee, kusukuma mageuzi. Namwomba, kwa heshima zote, aache kuwapatanisha watu na aweke mezani mambo mawili: Waziri Mkuu azuiwe kisheria kushika ulinzi, na kamanda asiteuliwe wala kuondolewa bila idhini ya Bunge.